Tarumbeta ya pikolo: namna ya kuipuliza na muziki unaoifaa

Vijana wengi wa Mtwara na Lindi wanaojifunza tarumbeta, waionapo pikolo kwa mara ya kwanza, huamini kwamba udogo wake ndio utakaowapandishia sauti. Sisi walimu wa muziki tunawajibika kuiondoa imani hiyo kabla ya somo lolote, kwa sababu huumiza midomo. Bomba la tarumbeta ya kawaida ya B-flati lina urefu wa takriban mita 1.48, na la pikolo ni nusu yake, hivyo sauti zake zimepanda kwa oktava moja, yaani noti nane za ngazi ya muziki. Hata hivyo, ili noti fulani ya juu isikike, midomo hutetemeka kwa kasi ileile katika ala zote mbili. Asiyeifikia kwa tarumbeta kubwa hataipewa na ndogo.

Kinachoongezeka ni uhakika. Sauti za asili za bomba lolote, yaani zile zitokazo kwa midomo tu bila kubadili urefu wa bomba, hukaribiana kadiri zinavyopanda. Mpulizaji wa zama za Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, mwenye tarumbeta isiyo na valvu (vitufe vya kubadili urefu wa bomba) na yenye bomba la zaidi ya mita 2, alicheza mahali ambapo noti zimebanana kiasi kwamba mlegezo mdogo wa mdomo ulimtupa kwenye noti ya jirani. Katika pikolo noti hizohizo zimeachana, na kulenga kunakuwa rahisi zaidi.

Kosa tunalolisikia mara nyingi ni kuipuliza pikolo kwa wingi wa hewa uliozoeleka kwenye tarumbeta kubwa. Bomba jembamba haliipokei. Hewa hurudi kifuani, shingo hukaza, na mwanafunzi huanza kuigandamiza ala midomoni hadi damu isipite. Pitisha hewa kidogo lakini yenye kasi, anza kwa sauti ndefu za katikati, polepole, na upumzike kwa muda usiopungua ule uliopuliza. Midomo ikifa ganzi, weka ala chini kwa siku hiyo.

Pikolo nyingi zina valvu nne. Ya nne huteremsha sauti kwa nne kamili (kama kutoka F hadi C) na kufikisha noti za chini ambazo valvu tatu haziziwezi. Aidha, huja na mabomba mawili ya kubadilisha, moja la B-flati na jingine la A. Muziki mwingi wa tarumbeta wa karne ya 18 uko katika ufunguo wa D: kwa bomba la B-flati mpulizaji husoma ufunguo wa E yenye shapu nne (alama za kupandisha noti), ilhali kwa lile la A husoma F yenye flati (alama ya kushusha noti) moja tu.

Kwa anayeanza, tunapendekeza “Haleluya” ya Handel kutoka Messiah ya mwaka 1741, kwa kuwa kwaya nyingi huifahamu na tarumbeta hupata nafasi za kunyamaza. Koncheto ya Telemann katika D, yaani utungo wa mpulizaji mmoja pamoja na okestra, ifuate: sehemu yake ya kwanza, ya taratibu, hufundisha pumzi, na katika ya tatu mpulizaji hupumzika. Koncheto ya Brandenburg ya pili ya Bach, ya mwaka 1721, isubiri miaka. Msikilizeni Mfaransa Maurice André (1933–2012), aliyeifanya ala hii isikike kama sauti ya mwimbaji, na David Mason katika wimbo “Penny Lane” wa bendi ya Beatles wa mwaka 1967.

Joto la pwani yetu huipandisha sauti ya ala za shaba, na kwa kuwa bomba la pikolo ni fupi, kulivuta sentimita moja huishusha sauti karibu mara mbili ya inavyoshuka kwenye tarumbeta kubwa. Livuteni kidogo kidogo, ala ikiwa imekwisha kupata joto la pumzi.