Kijiti cha pedi hakikuanzia Sony

Kwenye mabanda ya gemu ya Mwanjelwa, Mbeya, ubishi ni wa Sony na Nintendo: nani alianza kuweka kijiti cha analogi, kinachopima umekisukuma kiasi gani, kwenye pedi ya kuchezea? Wa Nintendo wanataja Nintendo 64 ya mwaka 1996. Wote wamechelewa. Mashine ya gemu ya Vectrex ya mwaka 1982 ilikuwa na kijiti kidogo kinachorudi katikati chenyewe kwa springi. Atari 5200, ya mwaka huohuo, nayo ilikuwa ya analogi, ila bila springi ya kukirudisha. Kwa Pac-Man, gemu ya kukata kona haraka, hiyo ni adhabu.

Sifa ya Nintendo ni nyingine: walitengeneza gemu inayokihitaji kijiti. Katika Super Mario 64 ukisukuma kidogo anatembea, ukisukuma zaidi anakimbia. Kitufe cha msalaba nacho wapewe bila ubishi mwingi, mbunifu wao Gunpei Yokoi alikiweka kwenye gemu ya mkononi ya Game & Watch ya Donkey Kong mwaka 1982. Mtetemo? Sega, kampuni nyingine ya gemu, kwenye usukani wa Moto-Cross, 1976.

Ndani ndiko kwenye tofauti. Kijiti cha Nintendo 64 kinasomwa kwa mwanga unaopita kwenye visahani vyenye matundu. Plastiki husagika, unaona unga mweupe, kijiti kinalegea, lakini mchezaji hatembei mwenyewe. Pedi za PS4 ya Sony zinatumia volyumu mbili ndogo kila kijiti, ukoo mmoja na ile ya redio: ulimi wa chuma unateleza juu ya njia ya kaboni. Kijiti kikitulia, pedi inategemea kusoma nusu ya volti zilizoingia kwenye volyumu. Kaboni ikiliwa pale katikati, au vumbi la kiangazi cha Mbeya likiingia, nusu hiyo inahama na beki wako anaondoka peke yake.

Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi inasafisha vumbi. Mafuta ya kulainishia usiweke, yanakamata vumbi jipya. Kama kaboni imeshalika, usafi hausaidii. Badilisha kijiti kizima. Chomoa betri kwanza. Kina miguu 14 iliyoshikwa na risasi ya kulehemu, na ile ya fremu inanyonya joto sana kwa sababu imeungana na ethi. Ongeza risasi mpya na flaksi, dawa ya kusaidia risasi itiririke, ndipo uinyonye risasi yote itoke. Ukikivuta kijiti kabla risasi haijayeyuka yote, unang'oa njia ya shaba kwenye bodi, na hapo pedi ya kazi ya nusu saa inageuka kuwa spea.

Siku hizi vijiti vya sumaku vinauzwa kama uvumbuzi wa jana. Sega waliviweka kwenye pedi ya 3D ya Saturn mwaka 1996, wakavirudia kwenye Dreamcast. Havisuguani pale panaposomwa, kwa hiyo hakuna kaboni ya kulika. Ila ukivifunga kwenye pedi ya PS4, lazima uisawazishe upya kwa kompyuta. Bila hivyo katikati yake inakuwa pembeni, na mteja atairudisha jioni hiyohiyo akisema umemwekea kibovu.