Kasi ya baruti si ukali wake

Wiki iliyopita, hapa Nachingwea, kijana mmoja alinijia na risasi sita za raifo kazifunga kwenye kitambaa. Baba yake ana gobori la kufukuzia nguruwe shambani, naye akataka kuzifungua ili baruti yake aimwage humo. "Si baruti ni baruti tu, babu?" Jioni ileile tulizipeleka polisi, mimi na yeye. Lakini swali hilo nimelijibu Liwale, nimelijibu Masasi, na hata wenye bastola za leseni, watu waliosoma, huniuliza kwa sura nyingine: "Ipi ndiyo kali zaidi?" Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Kujaza risasi upya, yaani kutia baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kupigwa, nilijifunza Afrika Kusini, ambako mwenye leseni anaruhusiwa. Kwetu, kwa sheria ya silaha ya 2015, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, kwa hiyo asiye na kibali asome aelewe tu.

Baruti nyeusi, ile ya magobori, ni shura (chumvi ya nitrati), makaa na salfa, salfa ileile tunayopulizia mikorosho: 75, 15 na 10 katika mia. Baruti isiyo na moshi, aliyoitoa Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ni nitroselulosi, na nyingine huongezwa nitrogliserini. Ikiwaka mahali pa wazi huungua taratibu. Ikibanwa, shinikizo hupanda. Shinikizo likipanda nayo huzidi kuharakisha, na kuharakisha huko huongeza shinikizo tena. Nyeusi haina tabia hiyo kwa kiasi hicho. Gobori lililofuliwa kwa nyeusi likitiwa hii nyingine hupasuka mbele ya uso wa mwenye nalo.

Sasa bastola. Gramu ya baruti ya kasi, yaani inayoungua upesi, na gramu ya baruti ya polepole hazipishani sana kwa nishati. Zinapishana ni lini nishati inatoka. Waliosukuma mtumbwi kutoka mchangani pale Mikindani wananielewa: ukiupiga kikumbo kimoja unaumia bega nao umesogea shubiri, ukiusukuma mfululizo unaelea. Mtutu wa bastola ni mfupi, kichwa cha risasi hakikai humo, kwa hiyo baruti ya polepole mno hutoka mdomoni bado inaungua: moto mkubwa, kelele nyingi, kazi kidogo. Ya kasi, kama ile ya chapa ya Bullseye, huhitajika kidogo tu na ni tamu kwa shabaha, ila kilele cha shinikizo huja mapema, na kosa dogo la mzani huwa kosa kubwa.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Ganda la .38 Special, risasi ya rivolva, liliumbwa zama za baruti nyeusi, kwa hiyo lina tumbo kubwa, na kikomo chake cha shinikizo ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, wakati 9 mm Luger, risasi ya bastola, huvumilia 35,000. Bullseye ndani ya ganda hilo hukaa chini kabisa. Ukijisahau ukatia mara mbili, kichwa bado kinaingia vizuri, na rivolva inapasukia mkononi. Mimi huchagua kwanza baruti nyepesi inayochukua nafasi kubwa, inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, ili ya pili imwagike mezani niione. Kasi nafikiria baadaye.

Wala polepole si usalama. Baruti ya polepole iitwayo H110, ambayo ndiyo Winchester 296 kwa jina jingine, ukiipunguza chini ya kiwango cha kitabu inaweza kushindwa kuwaka sawasawa, kichwa kikabaki ndani ya mtutu. Risasi inayofuata ndiyo inayoua.

Zile jedwali za kasi, zinazopanga baruti kutoka ya upesi hadi ya polepole, zinazobandikwa ukutani mwa karakana, kusema kweli, siziamini sana. Nafasi hupangwa kwa kulinganisha, na baruti mbili zinaweza kubadilishana zamu ukibadili ganda au uzito wa kichwa. Kuwa jirani kwenye jedwali hakuzifanyi baruti mbili zibadilishane kwenye mzani. Kiwango hutoka kitabu cha mtengenezaji, kwa jina lilelile lililoandikwa kwenye kopo.

Mezani kwangu hukaa kopo moja tu. Nikimaliza kutia, maganda 50 yamesimama kwenye kibao, nazima simu, nachukua tochi na kuchungulia moja moja. Kopo lisilo na jina silifungui.