Mji mdogo wa Ireland: anza na ngazi, rangi baadaye

Barabara kuu ya mji mdogo wa Ireland ni safu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, ghorofa mbili au tatu, duka chini na makazi juu. Nyuma ya kila nyumba kuna kiwanja chembamba kirefu kilichokuwa na zizi, ghala au karakana. Clonakilty, kaunti ya Cork, ilitunukiwa na Academy of Urbanism, shirika la wataalamu wa miji, mwaka 2017, na wageni husifu vibao vyake vya mbao vilivyoandikwa kwa mkono. Vinapendeza kweli. Lakini katika mji wowote swali langu la kwanza ni: huko juu analala nani?

Mara nyingi hakuna, na chanzo kimojawapo ni ngazi. Zamani nyumba ilikuwa na milango miwili mbele, wa duka na wa nyumbani, na huo wa pili ulifunguka kwenye ukumbi mwembamba wenye ngazi. Wenye maduka walipohamia nje ya mji, wengi walivunja ukumbi huo ili kupanua duka kwa mita moja hivi. Tangu hapo kupanda juu ni kupitia dukani, na mpangaji gani atakubali kufungiwa duka likifungwa? Kwa hiyo ukitaka kurudisha makazi huko juu, kabla ya kuchora jiko na bafu, amua ngazi itarudi wapi. Rahisi ni kuijenga nyuma, kama kiwanja kina uchochoro. Mimi napendelea mbele hata duka likipungua, maana mlango wa nyumbani unaofunguka barabarani ndio unaoleta watu jioni.

Ngazi hiyo itengwe na duka kwa kuta na milango ya kuzuia moto. Sakafu za nyumba hizi ni za mbao, na kati ya duka na makazi kwa kawaida hutakiwa kinga ya dakika 60. Hupatikana kwa tabaka mbili za bodi ya jasi inayohimili moto chini ya maboriti, huku kila tundu la waya na bomba likizibwa. Tundu moja likisahaulika, moshi hupita hapo hapo. Kanuni za mipango miji za Ireland za 2018 ziliruhusu jengo la biashara lililokaa tupu miaka 2 kugeuzwa makazi, hadi nyumba 9, bila kibali cha mipango miji; wengine wakadhani cheti cha usalama wa moto nacho kimeondolewa. Hakikuondolewa.

Kisha unyevu. Kuta ni za mawe na chokaa, nene kama nusu mita, na nyingi zilipigwa lipu ya saruji katika karne ya 20. Saruji hupasuka nyufa nyembamba, mvua huingia, haitoki tena, na ncha za maboriti zilizo ukutani huoza. Rekebisha paa na mifereji ya mvua kwanza, ndipo ubandue saruji, uuache ukuta ukauke, kisha upige lipu ya chokaa tabaka kwa tabaka. Chini ya nyuzi 5 usiipige: baridi huivunja kabla haijashika. Mafundi wa Mji Mkongwe, Unguja, wanaijua vita hii ya saruji na chokaa.

Fedha zipo. Mfuko wa Croí Cónaithe, wa serikali ya Ireland wa kufufua nyumba tupu, hutoa hadi yuro 50,000 kwa nyumba iliyokaa tupu miaka 2 na kujengwa kabla ya 2008, na hadi 70,000 ikiwa ni gofu. Lazima uishi humo au upangishe. Ukiuza ndani ya miaka 5 unarudisha yote, kati ya 5 na 10 asilimia 75. Usibomoe hata dari kabla ya idhini ya halmashauri, kwa sababu kazi iliyotangulia idhini hailipwi.