Wanafunzi wa udaktari wakija wodini: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Wanafunzi wakija, wauguzi wanapumzika.

Ukweli: Wiki za mwanzo kazi inaongezeka. Niko wodi ya wazazi hapa Tabora. Kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa fetoskopu hunichukua dakika moja, kamili kwa saa. Mwanafunzi lazima kwanza apapase tumbo ajue mgongo wa mtoto umelalia upande gani. Akikosea, anasikia mapigo ya mama akadhani ni ya mtoto. Namwambia amshike mama mkono, alinganishe. Yakienda pamoja, bado hajampata mtoto. Akimpata, mapigo 110 hadi 160 kwa dakika, unaona uso umebadilika. Mimi hufurahi kila mara. Lakini dakika kumi zimekwenda, kitanda cha pili wanaita, na dakika hizo hazipo kwenye ratiba ya zamu. Kinachotuchosha ni hicho, wala si wanafunzi.

Dhana: Anayefundisha ni daktari kwenye raundi.

Ukweli: Raundi ikiisha, mwanafunzi anabaki na sisi. Kuweka kanula ya dripu mshipani, kujaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, hata kusalimia. Kijana wa mkoa mwingine akimwambia bibi wa Kinyamwezi aliyemsindikiza mkwewe, "Mwangaluka", bibi huyo atamweleza uchungu ulianza lini na walipitia wapi kabla ya kufika kwetu.

Dhana: Hospitali ya serikali, mgonjwa hawezi kumkataa mwanafunzi.

Ukweli: Anaweza, na huduma yake iko palepale. Mwanafunzi ajitambulishe, aombe ruhusa kwanza.

Dhana: Anayeijua kazi anajua kuifundisha.

Ukweli: Mimi nilijifunza kwa kufokewa mbele ya wagonjwa, nami nikaja kufoka miaka mingi nikiamini ndiyo kumkomaza mtu. Siku moja mwanafunzi, binti, aliniandikia mapigo 140 kwenye patografu. Sikuridhika na alivyokuwa akikwepa macho yangu, nikachukua fetoskopu mwenyewe. Nilihesabu 96, nikarudia, 96. Tulimlaza mama ubavu, tukamwita daktari, akapelekwa chumba cha upasuaji, mtoto akatoka akilia. Baadaye binti aliniambia, "Sista, sikusikia kitu. Niliogopa kukwambia."

Sikulala usiku ule. Tangu hapo mwanafunzi akiinuka tumboni kwa mama namuuliza, "Umesikia au hujasikia?" Akisema hajasikia, navuta kiti, tunaanza tena kwenye mgongo wa mtoto.