Maumivu ya nyonga baada ya kujifungua: mazoezi kwa simu ya video

Dhana: Mtaalamu wa tiba ya viungo asipokugusa, hawezi kukutibu.
Sehemu kubwa ya uchunguzi wa maumivu haya huonekana kwa macho. Mama hulala chali, miguu imenyooka, akainua mguu mmoja sentimita 20 bila kukunja goti, kisha wa pili. Kila mguu huupa alama: 0 ni mwepesi kabisa, 5 hauinuki. Halafu mtu wa nyumbani humbana nyonga kwa viganja pande zote mbili, naye ainue tena. Mguu ukiwa mwepesi kuliko mwanzo, misuli haishiki vizuri maungio ya nyonga, na hapo mazoezi yana kazi. Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni simu: iegemeze usawa wa godoro, mita 2 ubavuni, mwanga usitoke nyuma yako, na usivae dera. Uchunguzi wa ndani ya uke, huo ni wa kliniki tu.

Dhana: Mkaja hurudisha nyonga mahali pake.
Nyonga haijahama. Mkaja hufungwa tumboni. Mkanda wa nyonga hukaa chini zaidi, juu kidogo ya mfupa unaochomoza ubavuni mwa paja. Huo hupunguza maumivu ya kutembea, lakini hauongezi nguvu ya misuli.

Dhana: Kaza misuli ya uke, utapona.
Kwa baadhi ya kina mama misuli hiyo imekaza kupita kiasi, na kuikaza zaidi huzidisha maumivu. Anza na pumzi: vuta, legeza, toa, kaza kidogo kwa sekunde 5, kisha legeza kabisa. Mara 8. Baadaye kuinua makalio ukiwa umelala chali, mara 8 hadi 10, seti 2. Kinena kikiuma, usitanue magoti. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya daktari.

Dhana: Ikiuma ndiyo inafanya kazi.
Maumivu yapande kidogo tu, na kesho yake asubuhi yawe yametulia. Yasipotulia, punguza idadi nusu, usiache. Na usitarajie nafuu kamili kwa wiki mbili: utafiti wa Norwei wa 2004, uliosaidia kina mama kwa mazoezi ya aina hii (wao walielekezwa ana kwa ana), ulichukua wiki 20.

Dhana: Kila maumivu ya nyonga ni ya misuli.
Homa, uchafu wenye harufu mbaya, pedi kulowa ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba, ganzi sehemu za siri au mkojo kugoma: kata simu, nenda hospitali mara moja.