Akipata mkopo, kitakachobaki kitatoka wapi? Hesabu ya kufanya kabla mtoto hajaenda chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, wazazi wanaofika kwenye dawati la mikopo hapa chuoni Mbeya huja na swali moja: "Mwanangu atapata?" Ni swali la haki. Lakini liko lingine ambalo wengi hawalifikii mpaka Novemba, mtoto ameshafika chuoni na begi lake: akipata, atapata kiasi gani, na kitakachobaki kitatoka wapi? Hilo la pili ndilo ninaloomba familia mlikalie sasa, kabla ya kuthibitisha chuo na kozi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, haitoi fungu moja la fedha. Inatoa vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti, na mahitaji maalumu ya kitivo. Kila kipengele kina njia yake. Ada inakwenda chuoni moja kwa moja, haipiti mkononi mwa mwanafunzi. Fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi wanaiita bumu, inaingia kwenye akaunti yake ya benki baada ya kusaini. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 bumu kamili ni shilingi 10,000 kwa siku, ilikuwa 8,500. Kwa siku 60 ni laki sita. Kwa hiyo mzazi anayesikia mtoto "kaingiziwa laki sita" asidhani ada imelipwa. Inawezekana kabisa mwanafunzi akapewa bumu lote na ada akapewa sehemu tu, au asipewe kabisa, kutegemea uhitaji wake ulivyopimwa na kozi anayosoma.

Tufanye hesabu. Tuseme binti wa Tukuyu amepata kozi ambayo ada yake ni 1,500,000 kwa mwaka, na Bodi imempa bumu kamili pamoja na ada ya 600,000. Pengo la ada ni 900,000. Hapo bado michango ya chuo: usajili, bima ya afya, umoja wa wanafunzi, kitambulisho. Michango hiyo mkopo hauigusi. Bado chumba. Hosteli za chuo hazitoshi wote, na wenye nyumba wengi wa mtaani hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Na bumu la kwanza haliingii siku ya kufungua chuo. Linasubiri asajiliwe, akaunti yake ihakikiwe, asaini. Mpeni mtoto fedha ya kula ya wiki tatu za mwanzo, hata kama jina lake liko kwenye awamu ya kwanza kabisa ya waliopangiwa mkopo. Mwaka wa kwanza akianza kwa kulala njaa, hayo tunayaona darasani kabla hatujayaona kwenye mtihani.

Sasa upande wa maombi, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu katika mikoa yetu ndipo haki za watoto wengi zinapopotelea. Iringa, Njombe na Mbeya ni miongoni mwa mikoa iliyoumizwa zaidi na UKIMWI nchini. Watoto wengi walilelewa na bibi, mjomba au shangazi. Yatima hupewa uzito mkubwa Bodi inapopima uhitaji, lakini Bodi haimjui bibi wala haikuwepo msibani. Inachokijua ni cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Baba alifia kijijini Makete au Ileje, akazikwa, tanga likaanuliwa, na hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo. Miaka kumi na tano baadaye mjukuu anajaza fomu na pale penye cheti cha kifo hana cha kuweka. Kifo kinaweza kusajiliwa kwa kuchelewa, kuanzia kwa mtendaji wa kijiji mpaka ofisi ya RITA kwa Mkuu wa Wilaya, lakini kazi hiyo haiishi kwa siku mbili, na dirisha la maombi halimsubiri mtu. Walezi wenye mtoto aliye kidato cha tano au cha sita leo, anzeni safari hiyo leo.

Majina nayo yaangaliwe kwa makini. Cheti cha kuzaliwa kinasema Tumaini Andrea, cheti cha kidato cha nne Tumaini Andrew, cheti cha kifo cha baba kinasema Andrea Mwakyusa. Ninyi mnajua ni familia moja, mfumo haujui. Wekeni vyeti vyote mezani, msome jina kwa jina, herufi kwa herufi, na penye tofauti mtafute utaratibu wa kisheria wa kuirekebisha mapema. Kama kaya iko kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, namba ya kaya itafutwe na iandikwe sawasawa. Mwenye ulemavu, yeye au mzazi wake, apate fomu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya. Aliyesomeshwa na mfadhili alete uthibitisho wa ufadhili huo, maana bila hiyo karatasi ataonekana ametoka kwenye familia iliyojiweza kulipa ada.

Maombi yenyewe yanafanyika mtandaoni, kwenye mfumo wa maombi wa Bodi uitwao OLAMS, kwa ada ya shilingi 30,000. Fomu inachapishwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji na wakili au hakimu, kisha kurasa zilizosainiwa zinapakiwa tena. Vijana wengi hufanyia kazi hiyo stesheneri, na si vibaya. Ubaya ni pale kijana wa stesheneri anapojaza namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake, akaweka nywila anayoijua yeye. Mwezi Oktoba mwombaji anataka kuona amepangiwa nini, au dirisha la rufaa limefunguliwa, na hawezi kuingia kwenye akaunti yake. Simu iwe ya mwombaji mwenyewe, nywila aiandike kwenye daftari lake. Na yeyote anayedai ana mtu ndani wa "kupitisha" jina ni kishoka, yaani tapeli. Mpangilio unatokana na taarifa zilizojazwa, na aliyepungukiwa au kukosa ana rufaa.

Mkopo wa shahada si mlango pekee. Tangu mwaka 2023/24 Bodi inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika maeneo ya kipaumbele, yakiwemo afya, ualimu wa sayansi na hisabati, kilimo na mifugo, nishati na madini. Kwa watoto wa mikoa hii ya kilimo nadhani njia hii haijatazamwa inavyostahili. Aliyefaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita afuatilie Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/23. Huo ni ufadhili, haurudishwi.

Kuhusu pengo. Kwanza nendeni ofisi ya uhasibu ya chuo mkaulize ada inalipwa kwa awamu ngapi. Ukishajua tarehe, panga mazao kwa tarehe hizo. Mwenye mpunga Mbarali au mahindi Mbozi asiuze yote Julai bei ikiwa chini. Atenge gunia za awamu ya pili na aziweke zikiwa kavu, salama. Chama cha akiba na mikopo (SACCOS), chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) au kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) ambako mzazi ni mwanachama ndiko pa kukopa kwanza, maana masharti yake anayajua na majirani wanamjua. Mfanyakazi mwenye mshahara aulize benki yake mkopo wa elimu, alinganishe riba na makato yote. Ninachowasihi msikiguse ni mikopo ya kausha damu, yaani yenye riba ya kukamua, ya mtaani na ya kwenye simu. Chukua laki tano kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi riba ni laki moja. Baada ya miezi mitano umelipa laki tano za riba tupu na deni liko palepale. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya taasisi ndogo za fedha zenye leseni kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi, na Novemba 2024 ilizitaja programu za mikopo za simu 69 zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Anayekukopesha mwombe leseni. Akikasirika, ondoka.

Wapo wazazi wanaoogopa hata mkopo wa Bodi, wakisema mtoto ataanza maisha na deni. Woga huo una msingi, lakini utazameni kwa tarakimu. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Ajira ikipatikana, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa msingi wa 800,000 anakatwa 120,000 kwa mwezi, na deni la milioni 12 litamchukua miezi 100, miaka minane na ushei. Ni mzigo, ila unabebeka. Aliyejiajiri naye anadaiwa, asikae kimya akingoja ajira. Afike mwenyewe apange kiwango cha kulipa kila mwezi.

Bodi ina ofisi ya kanda hapa Mbeya, na kila chuo kina afisa mikopo. Mkija kwetu njooni na namba ya mtihani wa kidato cha nne ya mtoto, vyeti vyote halisi, barua ya udahili na karatasi yenye hesabu ya pengo mliyoifanya nyumbani. Mtoto mwenyewe awepo, kwa kuwa ndiye atakayesaini na ndiye atakayelipa.