Chembe nano za puani haziendi ubongoni kwa miujiza

Nasema hili mara moja ili wakiniuliza tena niwatumie link tu: ukipakia dawa kwenye chembe nano za polima (vipunje vidogo kuliko seli, vya molekuli ndefu za mnyororo) ukapuliza puani, haipandi yenyewe moja kwa moja mpaka kwenye ubongo. Kila nikitaja kazi yangu mtu anadakia "aah, zile zinazokwepa damu", na siku hizi hata wanafunzi wanaandika hivyo kwenye proposo kana kwamba kesi imeshafungwa.

Kwanza udogo. Watu wanadhani chembe ya nanomita 150 inaelea hadi juu kabisa kwa sababu ni ndogo. Haielei popote, imo ndani ya tone la spreyi, na tone la mikromita 50 lina kipenyo zaidi ya mara 300 ya hiyo chembe. Pua inakutana na tone. Likiwa kubwa linagonga mbele na kubaki hukohuko, ukilipunguza mpaka chini ya mikromita 5 linavutwa mapafuni, polima yako uliyoihangaikia haina kauli hapo, kauli ni ya pampu na jinsi mtu alivyoshika kichwa.

Halafu panya, ambaye ndiye anayejaribiwa maabara. Eneo lake la kunusa, ndilo mlango wa kwenda ubongoni, ni karibu nusu ya ukuta wa ndani wa pua, letu halifiki asilimia 10 na liko juu huko kwenye upenyo mwembamba. Na panya wa maabara mara nyingi kapigwa usingizi, kalazwa chali, anatiwa tone mojamoja taratibu. Nitajie mgonjwa anayetumia spreyi hivyo.

Kitosani, polima ya kutoka maganda ya kamba na kaa, nayo ina wapenzi wake. Kweli ina chaji chanya, inanata kwenye kamasi, inalegeza viungio vya seli kwa muda, sipingi. Ila kamasi yenyewe haijatulia, silia, vile vinyweleo vya seli za pua, zinaisukuma kooni saa zote, dawa ya majimaji tu nusu yake imeshaondoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Sasa kunata kwenye kamasi ni kushikilia kiti vizuri kwenye basi lisiloenda kwenu. Kitosani inalipunguza mwendo hilo basi, haya, lakini hailigeuzi. Ndiyo maana wengine wanaivika PLGA (polima inayooza mwilini) koti la PEG (polima inayopenda maji) isinate kabisa, ipenye iwahi seli. Njia mbili zinazopingana, vitabu vinaziweka kurasa jirani bila aibu, na mimi niliyetumia zote bado sina upande.

Kinachonikera zaidi ni picha zinazong'aa. Mtu anatia rangi ndani ya chembe, anapuliza, anakata ubongo vipande, anaona mwanga chini ya hadubini, basi "chembe zimefika". Zimefika wapi? Rangi inavuja! Nyingi zinapenda mafuta, zikigusa utando wa seli zinahama kutoka kwenye polima, na tishu ya ubongo yenyewe hung'aa kidogo hata usipoitia kitu. Nionyeshe kundi lililopewa rangi tupu, nionyeshe lililopewa dawa bila chembe, na upime damu saa ileile, maana dawa nyingi zinaingia damuni kupitia pua haraka sana halafu zinafika kwenye ubongo kwa barabara ya kawaida. Naloksoni ya puani inamwamsha mtu aliyezidisha afyuni kwa kupitia damu, na haina chembe nano hata moja. Je, chembe nzima hupanda na neva ya kunusa, au huishia kwenye seli za juu dawa ikaendelea peke yake? Nahisi la pili, ila ushahidi wa kumaliza ubishi sina.

Na dozi jamani. Tundu moja la pua linapokea kama mililita 0.1, ukizidisha inachuruzika. Tuseme una miligramu 50 za chembe kwa mililita na dawa ni asilimia 5 ya uzito wake: umepuliza miligramu 0.25. Hiyo naloksoni ina 4 kwenye ujazo huohuo. Kwa hiyo dawa isiyo kali kwa dozi ndogo usiniletee.

Chanjo ndiko ningeweka pesa yangu. Kule seli za kinga za puani zikiimeza chembe palepale, hiyo ndiyo kazi yenyewe, hakuna haja ya kufika kokote.